Protini ya Wagonjwa wa Kichomi

Mwaka 1930 wodi za hospitali zilikuwa bado hazina penisilini. Mtu akipata nimonia, ule ugonjwa ambao bibi zetu waliuita kichomi kwa jinsi unavyochoma ubavuni, alilazwa kitandani akasubiri. Homa ilipanda, pumzi ikawa fupi, makohozi yakatoka na rangi ya kutu. Ilipofika siku ya saba au ya nane, likatokea moja kati ya mawili. Ama homa ilikatika usiku mmoja, mgonjwa akaamka amelowa jasho anaomba chakula, ama hakuamka.

Katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, New York, madaktari wawili walisubiri pamoja na wagonjwa hao huku wakichota damu yao siku hadi siku. William Tillett na Thomas Francis walifanya kazi katika maabara ya Oswald Avery, aliyekuwa ametumia miaka mingi kumchunguza bakteria mmoja tu, nimokokasi, mletaji wa kichomi. Kutoka kwenye mwili wa bakteria huyo maabara ilikuwa imepata aina ya sukari iliyoitwa Sehemu C. Tillett na Francis walichanganya sukari hiyo na seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kisha wakaangalia kama mashapo meupe yatatuama chini ya chupa.

Walikuwa na sababu ya kutarajia jibu fulani. Mwili unaoshinda ugonjwa hutengeneza kingamwili, na kingamwili za kichomi ziliongezeka homa ikishakatika. Kwa hiyo mashapo yangekuwa haba mgonjwa akiwa taabani, na mengi akishapata nafuu. Chupa zikaonyesha kinyume kabisa. Seramu iliyochukuliwa homa ikiwa juu ndiyo iliyotoa mashapo mazito, na seramu ya mgonjwa yuleyule, siku chache baada ya homa kukatika, ilibaki safi. Zaidi ya hapo, seramu za baadhi ya wagonjwa wa homa ya baridi yabisi, ambao kichomi hawakuwa nacho, nazo zilitoa mashapo. Kitu hicho cha kwenye damu hakikujali adui ni nani. Kilijitokeza mwili ulipoumia na kikaondoka ulipotulia.

Taarifa yao ilichapwa mwaka huohuo katika jarida la Journal of Experimental Medicine. Mwaka 1941 Avery na wenzake walithibitisha kwamba ni protini, ikapewa jina la protini inayoitikia C. Leo karatasi za maabara duniani kote huiandika kwa herufi tatu, CRP. Maclyn McCarty, kijana wa maabara ileile, aliigeuza kuwa fuwele mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 madaktari waliitumia sana kufuatilia watoto wenye homa ya baridi yabisi. Ilikuja kujulikana kwamba inatengenezwa na ini, kwamba mjumbe anayeliamuru ini kuitengeneza ni intalukini-6, na kwamba katika maambukizi makali inaweza kupanda hadi mara elfu moja ya kiwango cha mtu mzima wa afya. Ini likiacha kuitengeneza, nusu yake hutoweka ndani ya saa 19 hivi. Protini inayopanda na kushuka kwa kasi namna hii inafaa sana kumwambia daktari mwili una hali gani leo.

Tillett mwenyewe hakukaa kuifuatilia. Alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na mwaka 1933, yeye na R. L. Garner wakatangaza ugunduzi mwingine katika jarida lilelile. Waliona kwamba bakteria wa aina ya streptokokasi wana kitu kinachoyeyusha damu ya binadamu iliyoganda. Kitu hicho kikaja kuitwa streptokinesi, dawa ya kwanza ya kuyeyusha bonge la damu, na mwaka 1949 Tillett akapewa Tuzo ya Lasker kwa ajili yake. Nimesoma historia nyingi za tiba, na mara chache nimekutana na jambo la kushangaza kama hili. Katika miaka mitatu mtu mmoja alipata alama ya mwili unaowaka na kiyeyusho cha bonge. Vyote viwili vingekuja kuhitajika katika ugonjwa ambao yeye hakuwa akiuchunguza.

Ugonjwa huo ni kiharusi.

Wakati ule kiharusi kilionekana kama ajali isiyo na historia. Wagiriki wa kale walikiita pigo, kwa kuwa mtu huanguka kama aliyepigwa. Johann Jakob Wepfer, daktari wa mji wa Schaffhausen, Uswisi, alipasua maiti na kuandika mwaka 1658 kwamba chanzo kimo kwenye mishipa ya damu ya ubongo: ama mshipa umevuja, ama njia ya damu imeziba. Katika karne ya 19 Rudolf Virchow alieleza jinsi bonge linavyoweza kujitunga mahali fulani mwilini, likasafiri na damu, likaenda kukwama kwingine. Lakini kujua hivyo hakukumsaidia mgonjwa. Hata katika enzi za Tillett wanafunzi wa udaktari walifundishwa kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani, kumtunza, na kumwachia Mungu.

Kilichochelewa kueleweka ni kwamba kiharusi cha kuziba hakiishi pale mshipa unapoziba. Seli za ubongo zilizokosa damu hufa, na maiti zake huamsha mwili mzima. Wa kwanza kufika ni maikroglia, seli ambazo Pío del Río Hortega alizibainisha na kuzipa jina huko Madrid mwaka 1919; mojawapo ya kazi za seli hizo ni kumeza kifusi cha seli zilizokufa. Baada yake zinaingia chembe nyeupe kutoka kwenye damu. Madaktari wetu huiita hali hii mchochota, ile ile inayokifanya kidonda cha mguuni kiwe chekundu, kivimbe, kiwe cha moto na kiume. Tofauti ni kwamba mguu una nafasi ya kuvimba, na ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Wanaokuja kuzoa kifusi wanaweza kubomoa hata vyumba ambavyo bado vilikuwa vimesimama. Hata hivyo, kifusi kisipozolewa hapajengeki. Kitendawili hicho ndicho kilichowasumbua watafiti kwa miaka 30.

Kwa kuwa ubongo haufunguliwi kuchunguliwa, walitazama damu. Haikuwa mara ya kwanza damu kuulizwa swali hili. Edmund Biernacki, huko Warsaw, alikuwa ameeleza mwaka 1897 kwamba damu ya mgonjwa hutuama upesi kuliko ya mtu mwenye afya. Mwaka 1918 Robin Fåhraeus wa Sweden alikiona kitu hichohicho katika damu ya wanawake wajawazito, na mwaka 1921 Alf Westergren akaweka utaratibu wa kukipima kwa wagonjwa wa kifua kikuu: mrija uliosimama wima, saa moja, kisha husomwa milimita ngapi chembe nyekundu zimeshuka. Damu yenye mchochota ina protini zinazozifanya chembe nyekundu zishikamane kama sarafu zilizopangwa, nazo zikiwa nzito hushuka haraka. Hiki ndicho kipimo cha ESR ambacho hospitali nyingi za wilaya kwetu bado zinakitumia, kwa sababu mrija na saa ya ukutani havihitaji umeme. Ila ESR hupanda polepole na kushuka polepole, na kiharusi hakisubiri. Kwa hiyo macho yakarudi kwenye protini ya Tillett na Francis.

Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake wa Boston walifungua damu iliyokuwa imegandishwa miaka mingi, damu ya madaktari wanaume wa Marekani waliojitolea katika jaribio la aspirini wakiwa na afya njema. Wale waliokuwa na CRP ya juu zaidi walikuwa wamekuja kupata shambulio la moyo karibu mara tatu ya wale wa chini, na kiharusi cha kuziba karibu mara mbili. Mshipa, kwa maneno mengine, huwaka taratibu miaka mingi kabla haujaziba. Miaka miwili baadaye Russell Ross alichapisha makala akitangaza waziwazi kwamba ugonjwa wa mafuta kuganda kwenye kuta za mishipa ni ugonjwa wa mchochota. Mwaka huohuo wa 1999, kundi la Glasgow lilipima CRP ya wagonjwa 228 ndani ya siku tatu za kwanza baada ya kiharusi, kisha likawafuatilia kwa miaka. Waliozidi miligramu 10 hivi kwa lita walikufa zaidi. Mario Di Napoli wa Italia naye akaleta ushahidi wa aina hiyo. Kiwango cha CRP siku za mwanzo, na intalukini-6 pamoja nacho, kilionekana kutabiri nani atainuka na nani hatainuka.

Waswahili husema pafukapo moshi pana moto, na hakuna anayebisha. Swali ni kama ukiupepea moshi ukatoka dirishani umeuzima moto. Naamini historia yote iliyofuata imo ndani ya swali hili.

Waliojaribu kwanza walikuwa na haki ya kutumaini. Katika maabara, panya waliozibwa mshipa wa ubongo kisha wakapewa kingamwili ya kuzuia chembe nyeupe zisishike ukuta wa mshipa walipata jeraha dogo zaidi. Kingamwili ya kutumiwa kwa watu ikatengenezwa kwa kutumia seli za panya, ikaitwa enlimomabu, wakapewa nusu ya wagonjwa 625, na nusu nyingine dawa isiyo na kitu. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2001 yalikuwa ya kuhuzunisha. Waliopewa dawa walikufa asilimia 22.2, waliopewa kisicho na kitu, asilimia 16.2. Waliopewa dawa walipata pia homa zaidi na maambukizi zaidi. Maelezo ya baadaye yanaeleweka hata kwa mtu asiye daktari: mwili wa binadamu uliitambua protini ya panya kama mgeni, ukaamka kupambana nayo. Dawa iliyoletwa kuzima mchochota iliuchochea. Nyuma ya tarakimu hizo mbili kuna familia zilizotia saini zikiamini.

Jaribio jingine lilitumia protini iliyochukuliwa kutoka kwa minyoo ya safura ya mbwa, viumbe ambavyo kwa mamilioni ya miaka vimejifunza kuzituliza chembe nyeupe za wenyeji wao. Wazo lilikuwa zuri. Wagonjwa 966 walishiriki, na mwaka 2003 ikatangazwa kwamba halikuleta nafuu. Huko Manchester, kundi la Nancy Rothwell lilifuata njia nyingine, ya kuizuia intalukini-1, na nitairudia.

Ni mwaka huohuo wa 2003, Berlin, ambapo mambo yaligeuka. Watafiti walichapisha, tena katika Journal of Experimental Medicine, jambo walilolishuhudia kwa panya: siku chache baada ya kiharusi, kinga ya mwili mzima huporomoka. Ubongo uliojeruhiwa hupeleka amri kwa njia ya mishipa ya fahamu, chembe za ulinzi zinapungua, na panya wanakufa kwa kichomi na sumu ya damu bila kuambukizwa na mtu. Panya waliopewa propranololi, dawa ya kuzuia amri hizo za neva, walinusurika zaidi. Mgonjwa wa kiharusi, basi, anawaka na kunyong'onyea kwa wakati mmoja, kichwani moto na kifuani mlango wazi.

Baada ya hapo tarakimu za CRP zilianza kusomwa upya. Tafiti za mataifa mbalimbali zikijumlishwa, wagonjwa wapatao asilimia 30 hupata maambukizi baada ya kiharusi, na asilimia 10 hupata nimonia. Koo lililopooza upande mmoja haliwezi kulinda njia ya hewa; mate, maji na chakula vinateremka kwenye mapafu. Basi CRP iliyopanda siku ya tatu inaweza kuwa sauti ya ubongo, lakini mara nyingi ni sauti ya mapafu. Ugonjwa uleule ambao Tillett na Francis waliukuta wodini ulikuwa umejificha ndani ya kipimo chao, umevaa nguo za kiharusi.

Mwaka 2008 Copenhagen ikatoa hukumu juu ya moshi. Wapo watu waliozaliwa na jeni zinazolifanya ini lao litengeneze CRP nyingi maisha yao yote. Kama protini hiyo yenyewe ndiyo inayoharibu mishipa, watu hao wangepaswa kupata viharusi vingi zaidi. Utafiti uliohusisha maelfu kwa maelfu ya Wadenmaki haukuona hivyo. Kwa upande wa intalukini-6, tafiti za jeni za miaka iliyofuata zilionyesha tofauti: wanaozaliwa na mawasiliano hafifu ya mjumbe huyo wanapata magonjwa ya moyo na viharusi vichache zaidi. Aliye karibu na moto ni mjumbe, na protini ya ini ni moshi wake. Kule Edinburgh, mwaka 2009, walipoongeza kipimo cha intalukini-6 juu ya mambo ambayo daktari huyajua bila sindano, yaani umri wa mgonjwa na ukali wa kiharusi chenyewe, utabiri haukuboreka kwa kiasi cha kumfaa mtu kitandani. Kumwomba mgonjwa ainue mkono na ataje jina lake kulikuwa kumeshasema karibu yote.

Huku kwetu, swali la kwanza lilikuwa tofauti: viharusi ni vingapi? Kati ya mwaka 2003 na 2006, mradi wa Tanzania ulioongozwa na Richard Walker ulihesabu viharusi vipya katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam, kwa kutegemea watoa taarifa wa jamii na wahudumu wa afya. Matokeo yalichapwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Idadi ya Dar es Salaam ilizidi ya nchi nyingi tajiri. Presha isiyotibiwa ilikuwa mshtakiwa mkuu, na VVU, ambavyo navyo huiweka mishipa katika mchochota wa kudumu, vilijitokeza pia. Watafiti wa mradi huo walizungumza na watu, wakakuta kwamba Dar es Salaam wengi walikitafsiri kiharusi kama kazi ya jini au ya mchawi, ilhali Hai wengi walitaja sababu za kimwili. Siwacheki wala siwalaumu. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima kati ya swala na chai unataka maelezo makubwa. Ila saa zinazokwenda kwa mganga ni saa ambazo ubongo hauzirudishi: dawa ya kuyeyusha bonge, mjukuu wa streptokinesi ya Tillett, ilithibitika mwaka 1995 kwa wagonjwa waliofika ndani ya saa tatu. Streptokinesi yenyewe ilikuwa imeshajaribiwa kwenye kiharusi na kusimamishwa kwa sababu ya kuvujisha damu ubongoni.

Manchester walirudi mwaka 2018 na wagonjwa 80. Kizuizi cha intalukini-1 kilifanya kile hasa kilichoahidiwa kwenye damu: intalukini-6 ikashuka, CRP ikashuka. Baada ya miezi mitatu wagonjwa hawakuwa wamepona zaidi ya wenzao. Mwaka 2024 yakatoka majibu mawili makubwa kuhusu kolchisini, dawa ya zamani ya jongo. China walishirikisha wagonjwa zaidi ya 8,000, nusu wakipewa dawa hiyo, wote wakiwa na CRP ya miligramu 2 kwa lita au zaidi; baada ya siku 90 waliopata kiharusi kipya walikuwa asilimia 6.3 dhidi ya 6.5, sawa na hakuna. Katika jaribio lililoongozwa na Peter Kelly wa Dublin, CRP ilishuka tena, na matukio mapya yalikuwa asilimia 9.8 dhidi ya 11.7, tofauti ambayo kwa hesabu haikutosha kuitwa ushindi. Nadhani mlango huo haujafungwa kwa kinga ya muda mrefu. Lakini kwa mtu aliyelala leo na mkono uliolegea, hakuna dawa ya kuzima mchochota iliyothibitika kumwinua.

Wengine walifikiri wangetangulia kichomi kwa antibayotiki. Uholanzi na Uingereza, mwaka 2015, walitoa matokeo ya majaribio mawili yenye maelfu ya wagonjwa wa kiharusi, baadhi yao wakipewa antibayotiki kabla ya kuugua kichomi. Wagonjwa hawakupona zaidi.

Kilichofanikiwa kilitoka mikononi mwa wauguzi. Katika jimbo la New South Wales, Australia, Sandy Middleton, muuguzi na profesa, alizigawa wodi 19 za kiharusi. Baadhi ziliendelea kama kawaida. Nyingine zilifundishwa mambo matatu kwa siku tatu za kwanza: kupima joto la mwili mara kwa mara na kuishusha homa mapema, kupima sukari na kuirekebisha, na kumpima mgonjwa kumeza kabla hajapewa chakula, kinywaji au kidonge. Matokeo yalichapwa mwaka 2011. Siku ya 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi zilizofundishwa, na asilimia 58 katika nyingine. Jaribio halikutenganisha lipi kati ya matatu lilibeba mzigo mkubwa. Hakuna kingamwili wala kizuizi cha intalukini nilichokitaja hapa kilichokaribia tofauti hiyo. Vifaa vya wauguzi hao ni kipimajoto, mashine ndogo ya sukari na maji kidogo.

Katika nyumba zetu, mtu akianguka na mdomo ukaenda upande, jirani wa kwanza kuingia huja na uji. Ni upendo, na ndio uji huohuo unaoteremka mapafuni. Nakuomba, ndugu msomaji: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usimpe uji, maji, wala kidonge cha presha, hadi muuguzi amkalishe, ampe maji kidogo, na kuhakikisha anameza bila kukohoa na bila sauti kubadilika. Na karatasi ya maabara ikirudi na CRP iliyopanda, muulize daktari kwanza kuhusu kifua.